Binti Aliyefunga Siku Zote Thelathini

Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya themanini, binti yangu alifunga Ramadhani yote bila kukosa hata siku moja, nami nikajisifu. Alfajiri nilikuwa mchinjaji katika kichinjio cha mji wa Isiolo, na alasiri nilifundisha watoto Kurani katika madrasa ya mtaa wetu. Siku ya Idi watu wa kazi zote mbili walijaa nyumbani kwangu kunywa chai. Nikawaambia, "Mwaka huu nyumba yangu haina deni la saumu. Hata huyu msichana wangu amefunga thelathini kamili."

Wanaume wakasema mashaallah. Mke wangu alikuwa akimimina chai. Mkono wake ulisimama na birika hewani, kisha akaendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika juu ya mkeka.

Sikuelewa. Nilikuwa nimesoma fikihi miaka saba. Nilikuwa nikiwafundisha wengine kwamba mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, na kwamba siku hizo atazilipa baadaye. Na bado nilikaa mbele ya wageni nikatangaza kwa sauti kwamba binti wa miaka kumi na saba amepitisha mwezi mzima bila kuziona siku zake. Sheria niliijua vizuri. Msichana wangu sikumjua.

Wageni walipoondoka mke wangu alikuja kusimama mlangoni.

"Maalim," alisema. Hata tukiwa wawili aliniita hivyo. "Umemaliza kututangaza?"

"Nimetangaza nini?"

"Hesabu mwenyewe. Amefunga thelathini. Na Shaabani yote sikuona vitambaa vyake kwenye kamba. Mimi nilidhani nimesahau. Sasa wewe umenikumbusha, mimi na mji mzima."

Tulikuwa na sababu ya kuogopa. Miezi michache kabla ya hapo wazee watatu walikuja kutoka Garbatulla na fungu la buni, ile kahawa mbichi ambayo sisi Waborana tunaitumia kuposa. Fungu likipokelewa, neno limekubaliwa. Likirudishwa, neno limevunjika, na kila mtu atauliza kwa nini. Letu tulikuwa tumelipokea, na mke wangu alilifungia ndani ya sanduku lake. Kijana alikuwa mtu mwema, mwana wa mfugaji wa ng'ombe. Kama binti yetu alikuwa na mimba, ningelazimika kulibeba fungu lile kwa mkono wangu hadi Garbatulla.

Mke wangu alimpeleka katika kliniki ndogo karibu na soko. Walichukua mkojo, wakamwambia angoje nje. Mke wangu alirudi na kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Kilikuwa na neno moja tu: mimba.

"Anasema hakuna mtu aliyemgusa," mke wangu aliniambia.

"Wewe unasemaje?"

"Mimi nimemzaa. Namwamini mpaka nikiitazama hii karatasi."

Mimi sikumwuliza msichana neno lolote. Kwetu baba hazungumzi na binti yake habari za mwili. Maneno hupitia kwa mama. Nilipokuwa nikiingia alikuwa akinyanyuka kwa heshima na kwenda jikoni, nami nilikuwa nikitazama mahali pengine. Niliona ni adabu, yake na yangu.

Nikavirudia vitabu vyangu. Sisi tumefundishwa kwamba roho hupulizwa ndani ya mtoto zikitimia siku mia moja na ishirini, na kwamba baada ya hapo mama huanza kumsikia akicheza. Nilihesabu tangu siku zake za mwisho, ambazo mama yake alisema zilikuwa Rajabu. Nikaamua hivi: hatapigwa, hatafukuzwa, hatatukanwa. Tutangoja. Siku zikitimia na mtoto akacheza, hakutakuwa na ubishi, nitairudisha buni. Asipocheza, Mungu atakuwa amemtetea mja wake. Zamani msichana wa namna hiyo alitengwa na jamaa zake, na baadhi ya wazee wa mtaa bado walitaka iwe vile. Mimi nilijiona mtu wa subira. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa moyo huo.

Siku zikaanza kwenda. Lori za ng'ombe zilipofika kutoka Garbatulla, daima palikuwa na mtu wa kushuka na salamu: "Wakwe zako wanakusalimu. Wanauliza harusi ni mwezi gani." Nilijibu kwamba tunangoja mvua. Mvua ilinyesha. Nikajibu kwamba tunangoja barabara ikauke.

Habari za mji hazingoji barabara. Asubuhi moja pale kichinjioni, nikiwa nimeinama juu ya mbuzi, mwenzangu wa kazi aliuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Maalim, kisu unanoa cha nini? Ngamia wa harusi au mbuzi wa akika?"

Akika ni mnyama anayechinjwa mtoto akizaliwa. Wachunaji wakacheka, wengine wakajifanya kukohoa.

"Nanoa cha ulimi wako," nilimwambia. Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao, lakini mbuzi wa pili sikumchinja mimi. Mchinjaji mwenye hasira humtesa mnyama, nikamwachia mwingine kisu.

Tumbo lilikua. Sikutaka kulitazama, lakini nyumba ya vyumba viwili haifichi kitu. Alianza kujifunga leso mbili, moja juu ya nyingine. Uso ulikuwa ukikonda huku tumbo likijaa, na aliposimama aliweka kiganja upande wa kulia chini ya kitovu, kama mtu anayezuia kitu kisianguke. Siku moja alikuwa akila mkate wa anjera na mama yake uani. Alikata kipande, akala, akakata cha pili, akakirudisha.

"Nimeshiba," alisema.

Nilikuwa ndani nikivaa kanzu, na neno lile lilinishika mikono yote miwili nikiwa nimeiinua. Alilisema kwa namna ya mama yangu.

Mama alikuwa amefariki miaka kama kumi kabla ya hapo. Tulihamia mjini tukiwa hatuna kitu, mifugo yote imekwisha katika miaka ile mibaya ya vita na ukame, na mama alikuwa amekonda mpaka bangili zikawa zinamdondoka. Kisha mambo yakaanza kuwa mema kidogo. Nikapata kazi ya kuchinja, nyama ikawa haikosekani, na mama akaanza kunenepa tumbo. Tulifurahi! Majirani walimtania, "Ako, mji umekukubali." Ako ndilo jina tunalowaita bibi zetu. Naye alicheka na kulipiga tumbo lake kama ngoma. Nilimshukuru Mungu hadharani kwa kumnenepesha mama yangu. Lakini alikuwa akila matonge mawili na kusema ameshiba. Mikono ilibaki myembamba. Tulipoanza kuogopa tulisema ni wengu, ni malaria ya zamani, tukamchemshia mizizi. Tulipomfikisha hospitali walimtoboa ubavu, na yakatoka maji beseni baada ya beseni. Daktari alisema ni kansa ya mifuko ya mayai, na kwamba imekwisha kuenea. Sikuelewa, mwanamke wa miaka zaidi ya sitini ana mayai gani tena. Hakumaliza mwezi.

Kwa hiyo neno lile, nimeshiba, nililisikia vizuri. Lakini nikajijibu mwenyewe: mama alikuwa mzee, huyu ni msichana. Na karatasi imesema mimba. Nikavaa kanzu nikaenda kufundisha.

Siku ya mia na saba mke wangu alimwita mkunga bila kuniuliza. Alikuwa bibi wa Kiborana wa upande wa Ngaremara, mwenye kiganja kipana, ambaye alikuwa amewapokea watoto wangu wote. Alikaa na msichana chumbani kwa muda ambao mtu angeweza kuswali rakaa nne. Alipotoka hakunisalimia.

"Wewe mwanangu," alisema, "umesoma sana, eeh?"

"Kuna nini, mama?"

"Mtoto huteleza chini ya mkono. Ukimsukuma huku, anakwenda kule. Ana mgongo, ana kisigino. Huyu hana mgongo. Ni jiwe, na jiwe limekaa upande mmoja. Halafu linakua mbio. Tumbo la miezi saba kwa miezi mitatu! Mtoto gani huyo, wa tembo?"

"Zimebaki siku kumi na tatu."

"Siku kumi na tatu za nini?"

Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua fimbo yake.

"Mungu amekupa siku za kumhesabu mtoto," alisema. "Nani amekupa siku za kuhesabu jiwe?"

Kabla ya adhuhuri nilikuwa barabarani kutafuta gari. Pikapu za miraa zilikuwa zikishuka kutoka milimani asubuhi zikiwa zimejaa, na kurudi tupu. Nilimsimamisha dereva mmoja Mmeru nikamwambia nina mgonjwa. Aliniangalia, akaangalia tumbo la msichana, akasema, "Mzee, mimi sitaki kuzalisha kwa gari."

"Hazai," nilisema. Nilisema kwa sauti kubwa, na sokoni watu waligeuka. "Binti yangu hazai. Ni mgonjwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshuhudilia. Alilazwa nyuma juu ya magunia, kichwa kwenye paja la mama yake, na barabara ikapanda kutoka vumbi letu hadi kwenye migomba na baridi. Kila shimo alilopita dereva nilisikia mlio mfupi nyuma yangu, wa mtu anayeuma nguo ili asilie.

Daktari wa hospitali ya misheni tuliyofikia huko juu alikuwa mtu wa milimani, Mkristo, mdogo kwangu kwa umri. Alimpima binti yangu kwa utaratibu, akatoka akaniketisha kwenye benchi.

"Habari yako, mzee. Unafanya kazi gani?"

"Nafundisha dini. Na nachinja."

"Unachinja? Basi wewe nitakueleza vizuri kuliko ninavyowaeleza wenye digrii. Mbuzi jike, pembeni mwa kizazi chake, umeona nini?"

"Viharage viwili. Kila upande kimoja."

"Hizo ndizo ovari. Binti yako moja imekuwa kubwa kama kichwa cha mtoto. Ni uvimbe, na nadhani ni kansa."

Nikasema inna lillahi. Nikamwambia habari ya mama yangu, maji na mabeseni, na kwamba nimeelewa, ni ugonjwa uleule umerudi kumfuata mjukuu, basi aniambie tu ni siku ngapi.

"Hapana, hujaelewa," alisema. "Harage lina ngozi ya juu. Ndani lina mbegu, ndiyo mayai yenyewe. Na lina nyama inayoshikilia zile mbegu. Kansa inaweza kuanzia katika kila kimoja, na kila moja ina tabia yake, kama vile ngamia na punda, wote hubeba mizigo lakini si wamoja. Ya mama yako naamini ilikuwa ya ngozi. Hiyo hupenda wanawake waliomaliza kuzaa. Ni ya kimya. Chembe zinabambuka, zinaelea katika maji ya tumbo, zinakwenda kushika mahali pengine. Unaijua ile shahamu inayofunika matumbo kama shela?"

Nilikuwa nimeivua shahamu ile kutoka kwa wanyama maelfu.

"Hapo ndipo hujipanda, punje punje. Mgonjwa akianza kusema ameshiba haraka, mara nyingi imekwisha kutembea. Ile ya nyama ya ndani ni nadra. Nyama hiyo ndiyo hutengeneza homoni, kwa hiyo utakuta mama wa miaka sitini anaona damu tena, anawaambia wenzake amerudi usichana. Au mwingine anaota ndevu. Hiyo hutembea polepole. Ya binti yako nafikiri ni ya mbegu. Hushika wasichana. Inakua mbio, kwa wiki, lakini mara nyingi hukaa ndani ya mfuko wake, upande mmoja, na tukiiwahi huondoka."

"Na karatasi? Mkojo ulisema mimba."

"Mkojo haukusema uongo. Mbegu ndiyo asili ya mtoto, mzee. Uvimbe wa mbegu wakati mwingine hutoa kitu kilekile ambacho hutolewa na kondo la nyuma la mwenye mimba. Kipimo kinakiona, kinasema mimba. Na siku zake zinakatika." Akachukua kalamu aandike. "Mmekaa naye hivi muda gani?"

"Siku mia na saba tangu zikatike."

"Mlikuwa mnangoja nini?"

Alinipa karatasi ya kutia sahihi. Alisema atafungua na kutazama. Kama imekaa upande mmoja ataondoa upande huo tu, na kama imeenea ataondoa vyote, na hatazaa, na huenda hatapona. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, karatasi gotini. Nikaona siwezi kuandika. Nikainuka nikaenda kwenye kitanda chake, na mama yake, aliponiona nimevuta kiti, akatoka nje mwenyewe.

"Unaumwa wapi?" nilimwuliza.

Alitazama ukuta. Hakuzoea. Kisha akaonyesha upande wa kulia.

"Tangu lini?"

"Kabla ya kufunga, Aba. Kama kisu, halafu kinaacha."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema hakuna aliyenigusa. Mkanyamaza wote. Nikaona basi, maneno yangu yamekwisha." Alilia bila sauti, machozi yakiingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. "Hukuniuliza hata siku moja. Ungeniuliza ningekwambia tumbo linaniuma upande mmoja. Kila siku ulikuwa unapita hapo ukiangalia mlango."

"Nilikuwa nangoja ukweli utokee."

"Ukweli nilikuwa nao mimi, Aba. Nilikuwa jikoni."

Nilimwomba msamaha. Hakusema kwamba amenisamehe. Alisema, "Tia sahihi." Nikatia.

Walimchukua baada ya adhuhuri. Mimi na mama yake tulikaa chini ya dirisha la chumba cha upasuaji, na alasiri ikaingia, nikaswali pale kwenye nyasi, nikakosea idadi ya rakaa, nikarudia. Ndani kulikuwa na mlio wa vyombo vya chuma ninaoujua, wa vitu kuwekwa juu ya sinia. Mke wangu alisema mara moja tu: "Nilipaswa kuichoma ile karatasi."

Daktari alitoka na beseni lililofunikwa. Aliniuliza kama nataka kuona. Nilifunua kitambaa. Lilikuwa donge la rangi ya maziwa yaliyolala, lenye vilima vilima, zito. Nililitazama kama ninavyotazama ini la ng'ombe kabla halijatoka kwenda sokoni. Nililigeuza kwa glavu aliyonipa, nikatafuta kwenye ule utando wa nje mahali popote palipopasuka. Palikuwa laini pote.

"Umeona?" daktari alisema. "Halijatoboka. Na shahamu yake ni safi. Nimeangalia mara mbili. Upande wa pili nimeuacha."

"Ni mkubwa kiasi gani, huo wa pili?"

"Kama harage, mzee."

Hapo hapo nikasujudu bila udhu.

Kipande kilipelekwa Nairobi kutazamwa kwa darubini, na jibu lilichukua wiki nyingi. Hiyo ilikuwa subira nyingine, ya uchungu wake, lakini sikuikaa kimya. Kila asubuhi kabla ya kwenda kichinjioni nilisimama mlangoni kwa binti yangu nikamwuliza: umelala vipi, umekula nini, panauma? Mwanzoni alijibu kwa neno moja. Baadaye alianza kunitania. "Aba, leo tumbo limeniambia linataka nyama ya mgongo. Wewe si mchinjaji?"

Jibu lilipokuja lilikuwa vile daktari alivyokisia: ya mbegu, upande mmoja, haikuvuka. Alitakiwa kurudi kupimwa kila baada ya miezi michache, na tulirudi kila mara. Baadaye mjukuu wangu mmoja, mtoto wa binti huyuhuyu, alisomea uuguzi, na ameniambia kwamba ile aina iliyomchukua mama yangu, wataalamu sasa wanaona mara nyingi huanzia mwisho wa mrija unaopokea mayai, kisha ndipo inapolishika harage. Nimefurahi kujifunza hilo uzeeni. Daktari wetu alitwambia kilichojulikana siku zile, na kilitosha kumwokoa mtu mmoja.

Wazee wa Garbatulla niliwaita mimi. Niliwaita pia wote waliokunywa chai yangu siku ya Idi, na yule wa mbuzi wa akika nikamketisha mbele. Nikawaeleza yote: harage, ngozi yake, mbegu zake, karatasi ilivyodanganya macho yetu, na mimi nilivyohesabu siku. Wengine waliinamisha vichwa kwa aibu ya kusikia mambo ya wanawake. Sikupunguza neno. Niliweka fungu la buni katikati ya mkeka.

"Amebaki na moja," nilisema. "Kama mnataka kuichukua buni yenu, si aibu."

Mkwe wangu, baba wa kijana, alilisukuma fungu kwa ncha ya fimbo likarudi miguuni pangu. "Mimi ng'ombe wangu wa maziwa ana chuchu tatu tangu azaliwe," alisema. "Umewahi kunisikia nikilalamika? Tuambie mwezi, acha kutusomesha."

Waliooana waachwe na maisha yao. Nitasema la mwisho tu. Ramadhani iliyofuata ilimkuta bado nyumbani kwangu, harusi ikingoja Idi ipite. Katikati ya mwezi nilimkuta uani mchana akinywa maji kwa kikombe. Alishtuka akataka kukificha nyuma ya mgongo, kwa sababu wasichana hawanywi mbele ya baba zao mchana wa Ramadhani.

"Kunywa," nilimwambia. "Ni siku ya ngapi?"

Akatazama chini, lakini alikuwa akitabasamu. "Ya pili, Aba."

Mwezi ulipoisha mama yake aliniambia ana siku sita za kulipa. Alizilipa katika Shawwali, mfululizo, na nilifunga zote sita pamoja naye.